Gari la Mkate Lenye Milango Miwili

Mmeniuliza mpaka nimechoka. Kila nikipita kwenye kahawa pale nyuma ya soko, mmoja wenu ananivuta mkono: Shabani, hebu tueleze, mbona uliondoka na Mzee Ombati mkicheka, ukarudi umekonda na umeduwaa kama mtu aliyepigwa na radi? Basi naandika mara moja, asiulize mtu tena. Habari za leseni na barua za ofisini naziruka, hizo zinamchosha hata karani mwenyewe. Na wale mlioujua ukweli tangu mwanzo mkanyamaza, wewe Juma wa kwanza, someni mkijua kwamba nimewakasirikia.

Uwanjani kwangu, Kisii mjini

Barua hii ikisomwa na asiyenijua, mimi ni fundi baiskeli. Baba yangu alitoka Tabora, mama alikuwa Mgusii wa Bobasi aliyefariki nikiwa bado natambaa. Nimelelewa na shangazi hapa mjini, kwa Kiswahili na chuo cha Kurani, na Ekegusii changu kinaishia kwenye salamu na kupunguziana bei. Mila za upande wa mama sikufunzwa na mtu. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Mzee Ombati wa Mosocho, Msabato, mtu wa maneno machache na koti zito, hununua baiskeli zilizokufa. Mimi huzifufua, yeye huziuza masokoni. Kazi hiyo tumeifanya pamoja miaka mitano. Ana binti, Kemunto, anayesomea uuguzi Kisumu, na huyo ndiye ninayemtaka niishi naye mpaka nizikwe. Mambo ya msikiti na kanisa mimi na yeye tumeshayazungumza, yetu tunayajua. Nilimtuma ami yangu akapeleke posa. Mzee alisema amesikia, atajibu. Miezi ikapita bila jibu. Kisha siku moja akaja uwanjani akaniambia twende pamoja safari ya masoko, Kiogoro, Nyamache, Keroka hadi Nyamira, siku nane au zaidi. Moyo ukaniruka. Nikasema haya, mtu hamchukui mtu safari ya siku nane ila anataka kumpa mtoto.

Gari tulilipata kwa mwoka mikate aliyekuwa amelichoka. Sanduku la bati lisilo na madirisha, mlango mpana nyuma, na huku mbele ubavuni mwa kiti cha dereva mlango mwingine mdogo. Lilikuwa bado linanuka mkate, harufu ya kumtesa mtu mwenye njaa. Baiskeli zilikuwa sita, na zote zilipaswa kusafiri ndani. Safari iliyotangulia Mzee alizifunga juu ya paa la basi, na mnajua mvua ya Kisii, ikifika saa nane mchana inanyesha kama inadai kitu. Minyororo ikaota kutu, mkulima akaikwaruza kwa ukucha, akaenda zake. Kwa hiyo baiskeli ndani, na sisi pia ndani, kwa kuwa kati ya soko na soko mtu hulala pale tope lilipomshikia.

Nilichora kwa chaki sakafuni namna tatu za kupanga. Ya kwanza, baiskeli zining'inie darini kwa gurudumu la mbele, sisi tulale chini. Mzee alisema grisi itamdondokea mdomoni, akaifuta kwa buti. Ya pili, zisimame mstari katikati na kila mtu awe na kijitanda upande wake. Hiyo niliipenda mimi, ni rahisi kutoa baiskeli moja bila kuzisumbua nyingine. Ya tatu, zisimame chini zimebanana, viti vyake vimeshushwa, na juu yake tupige mbao za kitanda kimoja kipana kinachozikandamiza zisitikisike. Mzee akazizunguka zile chaki mara mbili, mikono nyuma, kisha akasimama juu ya ile ya tatu.

"Hapa," akasema. "Tutalala pamoja, wewe na mimi."

Nusura nimbusu mkono. Nilienda nikatafuta godoro la sponji, nikaranda zile mbao mpaka zikateleza. Juma, wewe ulikuwepo. Ulinitazama nikipigilia misumari huku naimba, ukaenda kucheka nyuma ya kibanda. Sasa najua ulichokuwa unacheka.

Kwenda Kiogoro

Kiogoro ni pua na mdomo na mji, lakini ilituchukua siku nzima. Lori la ndizi lilikuwa limelala ubavu njiani na watu wote walikuwa wanashauri, hakuna anayesukuma. Tukasubiri. Kina mama wakatuuzia viazi vitamu vya moto, na jamaa mmoja aliyechangamka mno akatuletea pombe ya busaa kwenye kibuyu. Mzee akakataa, nami nikakataa. Akatuletea nyama, tukamuuliza nyama gani, akasema nguruwe. Mzee akakataa, nami nikakataa. Yule jamaa akatukodolea macho akauliza sisi ni wa kanisa gani hilo lenye taabu hivyo. Mzee alicheka mpaka akakohoa, nami nikaona tunafanana kuliko ndugu.

Jioni tulikwenda kuoga mtoni. Mzee akavua shati akaniita nimsugue mgongo kwa jiwe. Nikamsugua. Wallahi nilikuwa nimefurahi, nikajiambia huyu amenifanya mwanawe wa kumzaa. Tukalala kitanda kimoja siku mbili, yeye akikoroma, mimi nikitabasamu gizani kama zuzu.

Nyamache, kwa mama mwuza uji

Nyamache tulifika siku ya soko. Mzee akatoa baiskeli mbili akaenda kuzionyesha kule wanakosimama wakulima wa chai, kwani siku hizi za Uhuru kila mwenye vichaka vitatu vya chai anataka baiskeli yenye kengele. Mimi nikabaki kunywa uji wa wimbi kwa mama mmoja aitwaye Bosibori, mjane mwenye sauti nzito na macho yanayokuona mpaka mfukoni. Nikamsalimu kwa Ekegusii changu cha kuokoteza, akacheka, tukawa marafiki. Akauliza tunalala wapi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia tunalala garini, kitanda kimoja, mimi na baba mkwe wangu.

Bosibori akaiweka kata chini. Wanawake wawili waliokuwa wanamenya ndizi wakageuka kunitazama. Akaniuliza kama nina maana ya baba wa msichana. Nikasema ndiye. Akauliza tena, nikajibu tena. Akaufunika mtungi wake kana kwamba nitautia inzi.

"Mwanangu," akasema, "mkwe haoni kitanda ya mkwe wake. Hata mtoto yake mwenyewe, akishatahiriwa, baba halali naye nyumba moja. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu ya kuoneana haya. Huyo mzee akilala na wewe, amekwambia wewe si mkwe, na hutakuwa."

Nikamweleza habari ya mtoni na mgongo, nikitumaini atasema hilo angalau si kitu. Akaziba mdomo kwa kiganja. Akasema mwili wa mkwe hautazamwi, hapo mzee alipiga muhuri.

Jamani, nilipigwa na butwaa ambalo sijapata kulijua. Uji ulinimwagikia kwenye suruali na sikuusikia moto wake. Miezi yote ile nilikuwa nangoja jibu, kumbe jibu nilipewa uwanjani kwangu mwenyewe, nikalipiga misumari kwa mkono wangu na kulitandikia godoro. Asiyejua maana haambiwi maana. Kwanza nikataka kuwasha gari nimwache mzee kwenye matope yao ya Nyamache na koti lake. Kisha nikamkumbuka Kemunto, nikauacha ufunguo mfukoni.

Nikamuuliza Bosibori: na mimi je, nikikataa kulala pale? Nikitundika blanketi katikati? Akatikisa kichwa. Watu wa chinsoni, akasema, hawatengwi na blanketi, wanatengwa na mlango. Kila mtu aingie kwake na kutoka kwake.

Nikaenda garini nikatoa msumeno.

Bado Nyamache, siku mbili za mvua

Nilikikata kile kitanda kipana vipande viwili. Nusu nikaipeleka mbele kabisa, nyuma ya kiti cha dereva, ya kuingilia kwa ule mlango mdogo. Nusu nikaiacha nyuma kwenye mlango mpana. Katikati nikazisimamisha baiskeli nne zilizobaki, kutoka ubavu hadi ubavu, nikazifunga kwa vipande vya mpira wa tairi na kuzitundikia magunia. Nyumba mbili, milango miwili, na ukuta wa baiskeli. Nusu ya soko walikuwa wamesimama wakitazama.

Mzee akarudi, amekwisha kuuza mbili zake, uso umekunjuka. Akaona unga wa mbao, ukakunjana.

"Hii kitanda nani amekata?"

"Mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

"Nimelisikia jibu lako. Hili ni langu."

Akakaa juu ya debe la mafuta. Kisha akasema yake bila kupaza sauti. Alisema mimi ni fundi mzuri na mtu wa haki, na ndiyo sababu hakutaka kuniaibisha kwa mdomo. Lakini sina shamba. Sina ukoo ambao akiulizwa na wazee wenzake anaweza kuutaja. Watoto wa Kemunto watazikwa wapi, aliuliza, nyuma ya duka? Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli.

Ilipofika saa moja ya jioni, mnadhani alifanya nini? Alichukua blanketi lake, akapita mlango wangu, mlango mdogo, akajilaza kwenye kitanda changu na kunisogezea nafasi kandoni. Mtu mzima na mvi zake! Nilisimama kwenye mvua nikimtazama, sikuamini. Nikachukua turubai, nikaenda kukaa chini ya paa la kibanda cha Bosibori. Siku ya pili vilevile, yeye huyo kwa mlango wangu, mimi huyo kwenye turubai. Kufikia hapo soko zima lilikuwa limegawanyika. Wazee walikuwa wake, wauza ndizi walikuwa wangu, na asubuhi Bosibori alinipa uji wa bure na kuniambia nisichoke, kwa vile mzee mwenyewe naye hakulala.

Kupanda Keroka, kushuka kwenda Nyamira

Tulipoondoka Nyamache Mzee hakutaka kukaa mbele na mimi. Alipanda nyuma pamoja na baiskeli, akafunga mlango. Keroka tuliuza moja, tukala ugali wa wimbi na mboga chungu za saga kwa mama mmoja aliyetuhudumia meza mbili, kila mtu yake, akidhani hatujuani. Nami sikumsahihisha.

Njia ya kushuka kutoka Keroka ilikuwa imelowa, nyekundu, inateleza kama bamia. Nilikuwa nashuka kwa gia ya kwanza, nimeshikilia roho mkononi. Kwenye kona moja gari likaamua kwenda linakotaka lenyewe. Halikupinduka, liliingia tu mtaroni taratibu likalala kwenye ukingo. Lakini nyuma nilisikia kishindo cha vyuma, halafu sauti ya mzee, fupi.

Nilijua papo hapo nimefanya nini. Kile kitanda kipana ndicho kilichokuwa kinazikandamiza baiskeli. Mimi nilikikata, nikazifunga kwa mpira, na mpira ulikatika. Nilikimbia kwenda nyuma huku namwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Nilipofungua, mzee alikuwa chini ya baiskeli mbili. Pedali ilikuwa imempasua suruali kutoka gotini hadi juu kabisa, na damu inatoka pajani.

Nilizitoa zile baiskeli. Kisha nikageuka, nikampa mgongo.

Msicheke. Barabarani hapakuwa na mtu mwingine, tulikuwa sisi wawili na mvua. Kidonda kilikuwa mahali ambapo mkwe haangalii, na mimi nilikuwa nimeshasema ni mkwe. Mzee akaniamuru nigeuke nimfunge. Nikasema siwezi. Nikararua shati langu la ndani, nikampitishia kitambaa kwa nyuma, macho nimeyafumba, mkono unapapasa hewani. Nikampitishia maji. Nikampitishia chupa ya iodini, nusu nikaimwaga kwenye kiatu changu. Nikamuuliza kama damu inatoka kwa kuruka au kwa kutiririka, akasema inatiririka, nikamwelekeza akaze wapi kwa maneno matupu. Alipolia kwa uchungu nikazidi kuyafumba macho. Kama damu isingekoma ningegeuka, nawaambia kweli, ningemwokoa na kumkosa Kemunto. Ikakoma.

Akapumua kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, nyuma yangu:

"Ungegeuka, ningejua umeacha msichana."

Wachuma chai wanane wakatokea na vikapu vyao, wakalisukuma gari kutoka mtaroni kwa nyimbo na matusi, wakataka kujua kwa nini kijana amesimama kwenye mvua na kifua wazi akiutazama mlima. Mzee akawajibu kwa Ekegusii, sentensi moja. Wote wanane wakanitazama. Mpaka leo sijui alisema nini.

Sabato, Nyamira

Nyamira mganga wa zahanati alimshona nyuzi saba, mimi nikiwa nje. Jioni ile mzee alichechemea kuzunguka gari lote kwenye tope, akaingia kwa mlango wa nyuma. Nikasema moyoni, amelikubali jibu langu. Lakini akatoa kichwa akasema mguu unauma na nyuma ni karibu zaidi na choo. Basi nikabaki sijui nishike lipi.

Ijumaa jua likazama, na kwa Msabato safari imekwisha mpaka jua la kesho lizame. Jumamosi wenzake wa kanisa wakatualika chakula cha mchana, ndizi zilizopondwa na kuku, maziwa ya mgando, watu wema kabisa. Mwenyeji akauliza huyu kijana ni nani wake. Mzee akatafuna, akameza, akanywa maziwa.

"Dereva," akasema.

Lo! Damu yote ile, shati langu, iodini kwenye kiatu changu, na mimi ni dereva. Niliendelea kula kwa kuwa kutoka nje ingekuwa utovu wa adabu, lakini ladha sikuisikia tena. Baiskeli tatu zilizobaki tuliziuza Jumapili, na mnunuzi wa mwisho akaipanda palepale na kuondoka akipiga kengele. Mzee alifurahi. Mimi niliendesha kurudi nikiwa nimeshakata tamaa, napanga moyoni barua ya kumwandikia Kemunto.

Mosocho

Tulipita mji bila kusimama, tukashika njia ya Mosocho. Kufika njia ya kuingilia kwake, mzee akaniambia nizime gari nimngoje. Akaenda peke yake, fimbo mkononi. Nilimwona kwa mbali amesimama na mkewe mbele ya nyumba. Walizungumza kwa muda. Yule mama ndiye mtu aliyenipenda kwanza katika boma lile. Kila nilipopeleka baiskeli alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kunikalisha jikoni kwake, akiniuliza kama shangazi hajambo. Nikasema moyoni, angalau yeye atanipa mkono wa buriani.

Mzee akaniashiria nilete mfuko wake. Nikashuka, nikatembea nao mpaka uani. Mama Kemunto aliinua macho akaniona. Alijifunika uso kwa leso, akatupa ungo wa mtama aliokuwa anaupepeta, akakimbia. Mwanamke wa umri ule, alikimbia mbio mpaka migombani, nikamsikia anapenya kwenye majani makavu asionekane.

Nilisimama palepale, mfuko mkononi, mtama umetapakaa miguuni. Nikajua yamekwisha. Hata huyu ameniona mimi ndiye niliyemrudishia mume na nyuzi saba. Nikafungua mdomo niombe msamaha, sikujua nimwombe nani.

Mzee alikuwa amekwisha kaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa. Akanionyesha gari kwa fimbo.

"Nenda usimame nyuma ya gari, omoko," akasema. "Huyu mama hatoki huko ukiwa hapa. Wewe sasa ni mtu wa kukimbiwa."

Hata mimi neno *omoko* nalijua, ndilo mkwe. Niliuweka mfuko chini. Nikaenda nyuma ya gari, nikaipa nyumba ya wakwe zangu mgongo, nikalia kwa furaha mpaka nikasikia mama anarudi kuokota mtama wake.